Herufi ya Mtu Aliyeungua

Guangzhou, baada ya magharibi

Idi mwanangu,

Salamu tumepeana leo chungu nzima, basi sikuandikii tena kukuuliza hali. Habari ya sweta, ya dawa ya kifua, na ya kutokula kitu usichokijua nayo naipita, maana nimeisema mpaka ukajiziba masikio. Naandika kwa sababu umetoka, nami nimebaki na simu hii mezani, na mikono yangu haijui pa kukaa.

Ulipokuwa unavaa viatu uliniambia, "Mama, mie n'tabaki. Wakipiga n'tazungumza nao mie." Nikakufukuza. Nikakwambia nenda mtaa wa Huanshi Zhonglu ukale na wenzako, uwaage vizuri, na usirudi mpaka ushibe. Ulinitazama vile unavyonitazama kila nikishika simu ya Kiingereza, kama mtu anayemwona mtoto kabeba bakuli la uji wa moto. Uliondoka pole pole ukaacha mlango wazi kidogo, nikaja kuufunga mwenyewe.

Basi tuseme lililopo. Tikiti yako imefika jana kutoka kwa wakala wa Hong Kong, na juu yake umeandikwa EDE. Jina la baba yako, Juma, limepona, nadhani karani yule amekwisha kukutana na kina Juma wengi. Lako ndilo lililoharibika, na aliyeliharibu ni mimi, kwa kuwa niliyepiga simu kukata tikiti ni mimi. Nilipiga wewe hupo, kwa makusudi, nikitaka nikuoneshe kuwa naweza. Sasa wakala anasema ndege haimpakii Ede mwenye pasipoti ya Idi. Nikampelekea faksi ya pasipoti, ikamfikia nyeusi tii kama tako la sufuria. Ameahidi kupiga jioni hii kabla hawajafunga, atajiwe jina upya herufi kwa herufi, na hiyo ndiyo mara ya mwisho, maana treni yako ya Hong Kong ni kesho asubuhi na ndege ni kesho usiku. Na chuo cha Manchester kimeshaandika: atakayechelewa kujiandikisha, nafasi yake anapewa mwingine. Simu isipolia, au ikilia nikakosea tena, huna safari.

Hiyo ndiyo hali yangu ninapokuandikia. Usinicheke.

Unajua kuwa watu hapa huniita Mama Paka. Wale vijana wa Mombasa wakinipita ngazini hupiga "nyau", nami huwatukana kidogo, tukacheka, yakaisha. Uliponiuliza nilikujibu kwamba Unguja nilifuga paka wengi. Uongo. Mie na paka wapi na wapi? Kila mtu alikuficha kwa sababu niliwaomba, lakini usiku huu unastahili kuijua, kwani hata kuja kwako huku kulitokana na paka huyo.

Wakati ule ulikuwa ungali kwa bibi yako. Kazi yangu ilikuwa kuwanunulia watu wa Dar es Salaam vitambaa pale soko la Zhongda, na wengine kuwachapishia khanga kiwandani. Akaja Bi Saumu wa Kariakoo, mwanamke mkubwa wa sauti na mwili, akataka khanga za msimu wa harusi. Maua alichagua yeye, rangi alichagua yeye, na jina akalitunga mwenyewe huku kafumba macho: NIPENDE PEKE YANGU. Akasema jina hilo litawauma mawifi wa Dar wote.

Siku ya kupeleka jina kiwandani faksi yao ilikuwa mbovu. Laoban, yaani mwenye kiwanda, akasema tungoje mpaka mashine itengenezwe. Nani angoje? Meli ilikuwa inapakia bandarini Huangpu, na mie nilikuwa na damu ya moto. Nikamwambia anipe karani wake anayejua Kiingereza, nimtajie herufi kwa simu. Na mimi Kiingereza changu unakijua. Konsonanti nilikuwa nazitaja Kizungu, bi, di, en, pi, kama tulivyokaririshwa shuleni, lakini vokali nilikuwa nazitaja za nyumbani, a e i o u, kama mama yangu alivyonizaa. Wala sikujua kuwa nafanya hivyo. Nilidhani i ni i dunia nzima.

Nikataja. En, i, pi, e... Yule kijana kila i aliyoisikia aliandika E, kwa sababu Kizungu chao "i" ndiyo jina la E. Kila e aliyoisikia aliandika A, kwa sababu iliyo karibu nayo masikioni mwake ni "ei". A na U Mungu alizinusuru. Akaniuliza kwa adabu waniletee sampuli niione kabla ya kuchapa. Nikamjibu, "Hakuna haja, chapeni."

Sasa chukua kalamu uandike kama alivyoandika yeye. Nakungoja.

NEPANDA PAKA YANGU.

Marobota kwa marobota, mwanangu. Yakafika Dar, Bi Saumu akayafungua mbele ya wateja wake, kisha akanipigia. Sikumwelewa kwanza, nilidhani analia. "Shoga," akasema, "nimekukosea nini hata ukanipandisha paka mbele za watu? Tena hata ngeli hukuniwekea sawa, *paka yangu*!" Zile khanga zilikatwa jina zikawa nepi na vitambaa vya kushikia sufuria. Bi Saumu alihamia kwa dalali mwengine, na habari ikarudi Guangzhou kabla sijapata hata pa kujificha.

Nililia, lakini nilichofanya baada ya kulia ndicho ninachotaka ukijue. Mtu mwenye akili angekaa chini akajifunza herufi zile, ishirini na kadhaa tu, mtoto wa darasa la kwanza anaziweza. Mimi nilimpigia bibi yako nikamwambia, "Mlete Idi." Ulikuwa unasifiwa shuleni kwa Kiingereza. Nikawaambia watu nakutamani, nataka mwanangu akae nami, na kukutamani nilikutamani, Mungu shahidi. Lakini nilikuwa nautaka ulimi wako pia. Ulikuja na kibegi chako na madaftari yako, na wiki ile ile nikakushikisha simu.

Na ulifanya! Ulisimama hapo mezani, kichwa kimefika bega langu tu, ukawatajia watu wa Huangpu namba za makontena na majina ya wenye mizigo kama mtangazaji wa redio. Watu wakawa wanakuja na vikaratasi: Idi nitajie hili, Idi niandikie lile. Nikajivuna. Nikasahau kabisa kuwa mlemavu akipewa gongo zuri hujiona anatembea.

Mwaka jana walikukubali pale chuoni mara ya kwanza. Nilikwambia subiri mwaka mmoja, mambo hayajakaa sawa. Ulisema, "Sawa Mama," hukuuliza mambo gani. Mambo yalikuwa haya: niliogopa simu. Ndiyo. Mama yako anayewafokea wenye maduka wa Zhongda mpaka wanamkimbizia kiti, aliogopa kubaki peke yake na simu, na kwa woga ule ukakaa mwaka mzima unatajia watu herufi wakati wenzako wanasoma. Sikuombi msamaha kwa barua, nitakuomba kesho kwa mdomo. Hapa nakueleza tu ili siku moja wewe nawe ukimwambia mtu "subiri", ujiulize unamgojesha kwa ajili ya nani.

Simu imelia. Nisubiri.

Si wao. Ni kijana wa Mombasa anauliza kama nafasi ipo kwenye kontena la wiki ijayo. Nimemwambia, "Weka simu chini, mwanaharamu, nangoja simu ya mwanangu!" Akasema, "Pole Mama Paka," akakata. Tuendelee.

Uliporudishiwa nafasi mwaka huu, nilikwenda kwa Bi Lin, yule mama wa duka la simu na faksi hapo chini. Nilimwambia nataka kujifunza herufi na Idi asijue. Akacheka, akasema nina mwenzangu. Mwenzangu alikuwa Hilda, yule Mperu mnunuzi wa vitambaa, mwenye nywele nyekundu za dukani, unayemwita Shangazi. Ulikuwa unadhani tunakwenda kunywa chai kila alasiri. Chai tulikunywa, lakini tulikuwa tunapigwa darasa.

Hilda na mimi tulianza kwa kucheka. Bi Lin aliandika vokali ubaoni, akamwambia Hilda asome anavyosoma kwao. Hilda akasoma: a, e, i, o, u. Nilimgeukia kama niliyeguswa. Zilikuwa zetu zile zile! Ungedhani tumesoma chuo kimoja kwa maalimu mmoja. Mtu ametoka upande wa pili wa dunia, Kihispania chake sikijui hata salamu, na a e i o u yake ni ya Unguja. Kwa hiyo na makosa yake yalikuwa yangu. Yeye naye aliwahi kutaja i kwa simu wakamwandikia E, na mzigo wake ukaenda kukaa ghalani kwa jina la mtu asiyekuwepo duniani. Mengine yalikuwa yake peke yake. H kwao ni bubu, jina lake linaandikwa Hilda naye hujiita Ilda, na J huitoa kooni, baba yako kwake ni Khuma. Tulipeana moyo kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza. Nikikosea mimi alikuwa akisema, "Usijali, mama Idi, herufi hizi zina wazimu, si sisi." Na jina lako alilisoma sawa sawa tangu siku ya kwanza alipoliona limeandikwa. Mgeni gani mwengine amewahi?

Lakini I ilitushinda. A tuliishika, ni ei. E tuliishika kwa taabu, ni i. Tukifika kwenye I, ulimi unarudi nyumbani wenyewe. Bi Lin alichoka nasi. Mara moja Hilda, katika kuikwepa, akanyoosha mkono kumimina chai, akaligusa birika la moto. Akaruka. "Ai!" Na mimi nikaruka kwa kumwonea uchungu: "Ai!" Bi Lin akaupiga ule ubao kwa rula mpaka chaki ikadondoka. "Hiyo! Hiyo ndiyo! I! Semeni tena!"

Tulitazamana. Kumbe na kwao mtu akiungua husema ai, kama kwetu. Tangu siku ile hatukukosea tena tulipokuwa darasani. Hilda akaiita herufi ya mtu aliyeungua. Tukifika hapo anashika vidole vyake, nami nashika vyangu, tunasema ai, tunacheka kama wasichana.

Utauliza, sasa ilikuwaje tikiti ikatoka Ede? Ilikuwa hivi: darasani kuna birika na kuna Hilda. Kwenye simu kulikuwa na mwanamke ananiambia "haraka, haraka, wateja wengine wanangoja", na mie moyoni nasema naikata tikiti ya kumtoa mwanangu nyumbani kwangu. Nikasahau kila kitu. Nikasema i, di, i, kama nilivyokuita siku uliyozaliwa asubuhi ya sikukuu, takbira zinasikika dirishani. Nilikuita tu. Na yule akaandika alichokisikia. Tena sikumwambia anisomee alichoandika. Kosa la paka lile lile, baada ya miaka yote hii. Mazoea yana taabu.

Nikuambie na hili kabla simu haijalia. Huko uendako watakuona umeandikwa Idi, na watakuita Aidi, kama wanavyokiita kitambulisho. Warekebishe mara ya kwanza. Usione haya, usiseme si neno. Mie nilinyamaza siku ya kwanza walipopiga nyau ngazini, nikaona watachoka, na unaona sasa nimekuwa nani. Herufi wape kwa jina la kwao, mwanangu, ndivyo zilivyo, lakini wewe mwenyewe waambie unaitwa Idi, kama Hilda anavyokuita. Na wao wakikutajia majina yao usijifanye umesikia. Uliza tena. Mie nimepoteza mengi kwa kujifanya nimesikia.

Nje kumepoa. Maduka ya chini yameanza kushusha milango, nayasikia. Sijui ofisi za Hong Kong hufunga saa ngapi, niliogopa kuuliza. Niliona nikiuliza watakumbuka kufunga. Je, ukirudi hapa simu haijalia nitakwambia nini? Nimekwisha kukufikiria umesimama mlangoni na vile viatu vipya.

Inalia.

Mwanangu, nimekaa kitako kwanza ndipo naandika, usishangae mwandiko.

Alikuwa yeye. Akasema nimtajie jina. Nikafungua kinywa, na ninachokiapia hapa ni kweli, kilichotoka ni "i". Akasema, "E?" Nikamwona paka. Wallahi nilimwona, kajilaza juu ya khanga nzima. Nikasema, "No." Nikanyamaza. Akasema, "Hello? Hello?" Nikashika vidole vyangu kama Hilda, nikafumba macho, nikasema kwa nguvu zangu zote, "Ai!"

Yule binti akaniuliza kwa sauti ya huruma kama nimeumia.

Nikamwambia, hapana, sijaumia, hiyo ndiyo herufi. Ai. Di. Ai. Akasema, "I ya India?" Nikasema ndiyo, India, Wahindi wote kwao huko, India ya mwanzo na India ya mwisho. Akacheka. Akataka kukata. Nikamwambia asikate, anisomee. Akasoma. Nikamwambia asome tena. Akasoma. Nikamwambia sasa aandike kwenye karatasi anipelekee faksi kwa Bi Lin, nami nitangoja niione. Akasema hakuna haja, Madam. Nikamwambia, binti yangu, neno hilo niliwahi kulisema mimi.

Nilishuka ngazi na ndara za bafuni. Bi Lin alikuwa keshashusha mlango nusu, nikapita kwa kuinama. Tulisimama wawili mbele ya mashine ile. Karatasi ikatoka pole pole, kwanza jina la ofisi, kisha namba ya ndege, kisha jina lako. I, D, I. Bi Lin aliisoma kwa sauti, mimi nikaisoma, akanipiga begani. Tikiti mpya inakungoja uwanjani kwao Hong Kong, kaunta imeandikwa humo. Nimeikunja karatasi hiyo ndani ya barua hii, na zote nazitia katika mfuko wa juu wa begi lako, uzikute kesho asubuhi kabla hatujatoka.

Nasikia miguu ngazini, na kuna mtu kapiga nyau na wewe umemjibu. Umeshiba, nasikia kwa mwendo. Utaniuliza, "Mama, wamepiga?" nami nitakujibu, "Wamepiga, nimemaliza, kalale," kana kwamba ni kitu cha kila siku.

Basi moja limebaki. Kesho stesheni sitaki kilio, sina uso wa kulilia mbele ya watu wa Mombasa. Lakini treni ikianza kwenda, ukinisikia nyuma yako nasema "ai", usigeuke. Nitakuwa nataja herufi ya kwanza ya jina lako.

Mama yako